Niliposema "Simama" Majini
Shule niliacha darasa la tatu, lakini leo mitumbwi mikubwa ya bandari ya Luzira, ziwani, ni yangu. Kabla ya mashindano ya makasia, binti yangu, mwalimu wa historia, alinionya.

"Baba, Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, ulikodi wageni kupigana nchi kavu. Lakini wapiga makasia wengi wa meli za vita walikuwa watu wa mji wenyewe, waliozoezwa pamoja."

Nikamcheka. Nilishaokota wenye misuli kila kona: Wakongo, Waganda, Waacholi wa kambi ya polisi.

Siku ya mazoezi, boti ya kubeba mchanga ikatukata njia.

"Simama!" nikapiga kelele, nikitaka waache kupiga makasia.

Nusu wakaacha. Nusu wakasimama wima! Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakatufika magotini. Mimi sijui kuogelea.

"Kaeni, wajinga nyinyi!"

"Mzee, si umesema tusimame?"

Mwacholi mmoja akawavuta waliosimama kwa mikanda, wakaanguka vitini. Boti ikatupita karibu kutugusa.

Ufukweni nikampigia binti yangu simu. "Hao wa Karthago walisimamisha meli kwa neno gani?"

"Sijui, Baba."

"Basi langu ni 'Acha'. Kesho wote wanajifunza neno hilo, nchi kavu kwanza."