Pampu Iliyokula Umeme wa Makanyagio

Mnaonijua hapa Mpanda mnajua sina ugomvi na mtu, ukitoa mabosi.

Siku hiyo bosi wetu wa maji, Obadia, alinikuta kwenye nyumba ya pampu, huku mtaa wa Makanyagio, nasonga ugali.

"We mzee Melkior, umefunga mashine ya kusaga humu?"

Nikaangalia sufuria. "Bosi, hata huu unga nimeomba."

"Pampu yako inakula umeme kuliko zote za mji, na mlimani maji hayafiki. Kesho anakuja mtu kupima. Tukikuta umejiunganishia umeme, kazi huna. Na chumba unaacha."

Chumba!

Humo niliishi na mke wangu Romana mpaka Mungu alipomchukua, miaka minne sasa. Ukuta alipaka mwenyewe, kwa mikono yake. Nifukuzwe humo kisa umeme wanaokula wao?

Kesho yake akaja binti, injinia, anaitwa Kauthar. Akabana nyaya kwa kitu kama koleo. Kingine akakifunga kwenye bomba, eti kinahesabu maji yanayopita.

Mimi darasa la nne tu, lakini mdomo ninao.

"Mwanangu, unajichosha bure. Umeme umo matumboni mwa watu. Kapime kitambi cha Obadia."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kutwa nzima anaandika namba. Jioni akaniita.

"Baba, hujaiba."

"Si nilisema!"

"Umeme wote unaingia kwenye pampu. Ila maji yanayotoka ni nusu. Kwa hiyo inazunguka kutwa na tanki halijai. Kuna kitu kinaikaba shingo."

Akalifuata bomba hadi nyuma ya nyumba, akafunua majani.

Koki kubwa. Imefungwa nusu. Na usukani wake umezungushiwa kipande cha khanga.

Nikapiga goti, nikakishika kile kitambaa. 

Khanga ya Romana.

Alikuwa anauza maji bombani, hapo mbele. Maji yalitoka kwa fujo, yanapindua ndoo, wanawake wanalowa na watoto wao mgongoni.

"Baba Maiko, hebu punguza," akaniambia.

Nikapunguza. Akafunga kitambaa chake, akasema atakayegusa atamtambua. Mwezi uliofuata akafa.

Sasa nani angegusa?

Na miaka yote hiyo, kila mkutano nasimama namtukana Obadia kwamba kauza maji ya watu wa mlimani. Kumbe nimeyafunga mimi. Nikamweleza Kauthar yote.

Huyo Obadia akatokea. "Nani kafunga hii koki?"

Kauthar akaangalia viatu vyake. Yule binti alikuwa tayari kunifichia.

Ningesema sijui. Lakini kile kitambaa kilikuwa kinanitazama.

"Ni mimi, bosi. Romana aliniomba."

Akavimba kama chura. "Kesho asubuhi uhame!"

"Samahani, bosi," Kauthar akafungua faili. "Humu kuna fomu arobaini na nane za ukaguzi. Kila mwezi: koki imekaguliwa, iko wazi. Sahihi ni yako."



Obadia akaitazama ile koki kama anaiona mara ya kwanza. Na kweli, ilikuwa mara ya kwanza.

"Mzee wangu," sauti imekuwa ya padri, "fungua tu, tusisumbuane."

Nikafungua kitambaa mwenyewe. Nikazungusha taratibu. Pampu ikabadili sauti, kama mtu aliyetua mzigo.

Huko mbele tukasikia kishindo. Ndoo ya Mwanaiddi, aliyekuwa anachota bombani, imepinduka.

"Melkior! Unataka kunizamisha, we mzee usiye na haya?"

Akanitukana mpaka kizazi cha tatu, nikasimama pale machozi yananitoka. Tangu Romana aondoke hakuna mwanamke aliyenigombeza kiasi hicho.

Ndugu zangu, wakubwa wapimeni bila huruma, wanastahili. Ila mkimaliza, hicho kipimo kipitisheni na nyumbani kwenu.

Chumba ninacho. Khanga iko chini ya mto.

Na nyie wa mlimani, mkinawa leo, mwombeeni Romana. Obadia mwacheni, ana fomu zake.