Rangi ya Buluu Ndani ya Ufa

Katika karakana moja ya matangi ya chuma mjini Nakuru, mgeni akitarajiwa, kila kitu hupakwa rangi. Linah Khaemba, mkaguzi wa vyuma kutoka Lanet, alipofika Jumanne ile alikuta kulabu ya kreni iking'aa manjano. Akatoa dawa ya kubandua rangi.

"Madam, na tumepaka jana tu, kwa heshima yako," alisema Gathogo, mwenye karakana.

"Heshima yangu haikai kwa rangi, boss."

Manjano ikatoka. Chini yake kulikuwa na buluu, nayo ikatoka. Linah akasogeza kioo cha kukuzia kwenye shingo ya kulabu, mahali chuma kinapopinda. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, na ndani yake chembe za buluu.

Alipulizia dawa nyekundu, akasubiri dakika ishirini, akaifuta hadi chuma kikabaki kikavu. Kisha akapulizia poda nyeupe. Wekundu ukaanza kuchuruzika kutoka ndani, ukachora ufa wenye urefu wa kidole.

Chuma huchoka. Kila mzigo unapoinuliwa ufa husogea kidogo, hadi siku ambayo hausogei tena bali chuma chenyewe kinakatika. Na chini ya kulabu hiyo, kila siku, akielekeza matangi kwa mikono, husimama Oduor wa mtaa wa Rhonda, baba wa watoto wanne.

"Oduor, buluu hii ilipakwa lini?"

"Mwaka jana, madam. Siku moja kabla uje." Oduor alimtazama mwajiri wake, kisha akatazama chini. "Nilipaka mimi. Niliona kamstari, nikasema. Boss akaniambia ni mkwaruzo, paka."

Hasira ilimpanda Linah. Gathogo alionyeshwa ufa, akampa brashi yule yule atakayeangukiwa.

"Ni alama ndogo sana," Gathogo alisema. "Leo kuna tangi moja tu la kwenda Gilgil. Tuinue hilo, kesho naleta kulabu mpya. Wewe weka sahihi."

"Siweki."

"Mwaka jana si uliweka?"

Linah aliweka, ndiyo. Siku hiyo alikuwa na haraka, rangi ilikuwa bado mbichi, akaona vibaya kuharibu kazi ya watu. Akapulizia dawa yake juu ya buluu, na kwa kuwa buluu haikuwa na ufa, akaandika kwamba kulabu ni nzima.

"Niliweka," alisema. "Na huyu amesimama chini ya sahihi yangu mwaka mzima."

"Basi nitatafuta mkaguzi mwingine, asiye na hotuba."

Oduor alivuta mipira ya gesi ya kukatia chuma, akavaa miwani, akapiga kiberiti. Gathogo alimfokea aache, akataja kazi yake, akataja mshahara. Moto ukaingia kwenye shingo ya kulabu, na vipande viwili vikaanguka sakafuni.

"Sasa iko wazi, boss," Oduor alisema. "Hakuna wa kuipaka."

Linah aliketi juu ya kreti, akafungua ripoti, na kabla ya kuandika juu ya Gathogo akaanza na kosa lake mwenyewe: *Mwaka jana nilipima rangi. Sikupima chuma.* Akatia sahihi hapo.