Mikungu ya Kamati

Mvua ya mawe na upepo vilipita Songambele mchana, watu wakiwa wanapika. Havikuchukua hata nusu saa. Tulipotoka nje, kibanja cha mama, yaani shamba la migomba lililotulea sote pale nyumbani, kilikuwa kimelala chini, mikungu imetapakaa kwenye matope. Migomba michache tu ya nyuma ya jiko ndiyo iliyobaki wima.

Kwetu upepo ukiangusha migomba, majirani huja na mapanga. Wanakata pamoja, wanagawana mikungu, na shamba linasafishwa kabla halijaanza kuoza. Lakini kesho yake ofisa mmoja alikuja na pikipiki, akatukusanya na kutuambia tusiguse kitu. Kamati ya maafa ingekuja wiki hiyo hiyo kuona hasara kwa macho, na atakayekata atakuwa amejifutia msaada mwenyewe.

Watu waliguna. Mzee mmoja akauliza kama serikali haijawahi kuona mgomba ulioanguka. Wakacheka. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyesomeshwa na serikali na ninayelishwa nayo, nikasimama kuwakemea na kuwaomba wawe na subira. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Jirani yetu, mama wa watoto watano aliyekuwa akitusaidia kupalilia tangu nikiwa mdogo, hakunisikiliza. Alisafisha kipande chake, kisha akaja kwetu na panga kama kawaida.

"Waitu Mama Mwalimu, tuanzie wapi?" akamwuliza mama, kwa heshima ya kwetu.

Mama akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Acha kwanza," mama akamwambia kwa aibu. "Hizi ni za kamati."

Jirani akaitazama ile mikungu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, iliyolala chini, akatutazama sisi, akaondoka. Kipande chake kilikuwa kidogo, na kwake siku zile walikuwa wakila mihogo mitupu.

Wiki ikapita, na mwezi nao ukapita. Mikungu ikaiva, ikaoza, nzi wakahamia jikoni. Vijiweni watu walisema serikali ina mambo mengi, baadaye wakasema imetusahau, mwisho wakakata migomba yao kimya kimya. Mama peke yake hakukata, kwa sababu mwanawe alisema. Fukusi wakazaliana kwenye mashina yaliyooza, wakaingia na katika ile michache ya nyuma ya jiko. Nayo ikaanguka, siku ambayo hata jani halikutikisika.

Kamati ilifika mwezi wa tatu tangu upepo ule. Mkuu wao alisimama njiani, shambani hakuingia.

"Huu si upepo, mama. Huu ni uzembe. Hatufidii fukusi."

Nikamweleza kuhusu lile agizo. Akasema hakuna agizo la namna hiyo, na kama lipo nimwoneshe barua. Yule ofisa wa pikipiki alikuwa amesimama nyuma yake, anakuna kidevu, anaangalia kilimani. Nilimkodolea macho aseme neno moja tu. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Nilisalitiwa mchana kweupe, mbele ya mama yangu.

Kisha wakatoa fomu ya kuuliza wananchi wanaionaje huduma ya serikali baada ya maafa.

"Andika kwamba niliwaamini," mama alisema.

Mwenye fomu akajibu kuwa hapo panatakiwa alama tu, ameridhika au hajaridhika. Akaweka alama yake, wakapanda gari. Aliiweka wapi, hatukuona.

Jumamosi iliyofuata jirani yetu alikuja na machipukizi ya migomba kichwani, yametoka kwenye kile kipande alichokisafisha mapema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Aliyatua mlangoni na kumwuliza mama, kwa sauti ile ile, tuanzie wapi. Mama akalia.

Nikachukua jembe niwafuate shambani. Mama akaninyang'anya.

"Wewe kaa hapo," akasema. "Ngoja kamati."