Siku Niliyoita Mita Tatu

Siku ya kwanza kazini, pale bandari ya Kindu, kapiteni alinipa muti murefu wenye kupakwa nyekundu na nyeupe, akanisimamisha mbele kabisa ya bato, meli yetu ya mutoni. Kila rangi ilikuwa nusu mita. Nilipaswa kuuchovya mutoni, kusoma kina cha maji, na kuita kwa sauti ili yeye kule juu kwenye usukani asikie.

"Kazi yako njo kusema maji yaliyoko," aliniambia. "Siyo yale unayotaka."

Ninyi wa leo munashuka Ubundu kwa baleinière, mitumbwi mikubwa ya mbao yenye mota, mukigonga muchanga munacheka tu. Bato letu lilibeba abiria, muchele wa Kibombo, mbuzi, hata mabibi harusi, na tumbo lake lilishuka majini mita moja na nusu. Miaka yote niliyoita, halikukwama hata mara moja. Nilijivuna, sifichi.

Kisha vita ikafika. Watu wa bunduki wakalichukua bato liwapeleke kupigana. Mabato mawili yaliyotangulia hayakurudi, wala watu wake. Mota zikiwashwa, kapiteni alishuka akajifanya anakagua muti wangu.

"Tukishapita kisiwa, kwenye ule muchanga wa chini yake, uite mita tatu."

"Kapiteni, pale iko mita moja. Maji inapunguka."

"Najua. Watasema haujui kazi. Utakubali?"

Nilikubali. Tulipofika niliita, "Mita tatu!" Bato likapanda muchanga, likalala. Nilipigwa sana. Kapiteni, bunduki zikimuangalia, akaandika katika kitabu cha bato: Limekwama. Kosa la mupima maji. Wale watu wakaenda zao kwa miguu. Mvua iliporudi, bato likaelea lenyewe, zima kabisa.

Kapiteni alikufa kabla vita haijaisha, na siri yetu akaenda nayo. Nani angeniamini peke yangu? Nilitumika kazi chini ya makapiteni wawili wengine mpaka pansio, nilipostaafu, na kila mumoja aliweka mutu wa pili kupima tena maji niliyoita. Iliniuma, jamani, iliniuma kila safari.

Juzi kapiteni wa sasa wa bato lile alinipandisha batoni, akafungua kile kitabu cha zamani pale penye kosa langu. Nilimusimulia yote. Akatoa biki yake ya kuandikia, akaiweka juu ya ule mustari.

"Papa, tufute hii?"

"Hapana. Nipe biki."

Chini ya maneno ya kapiteni wangu niliandika maji ya siku ile: mita moja.