Kiwiko cha Wakili

Kilichonitoa Kondoa ni sauti ya simu. Mimi sioni. Simu yangu kuukuu hunisomea kila kilichoandikwa, kwa programu aliyoitengeneza binti mmoja wa Dodoma, Neema. Lakini kampuni ya simu hizi imeiondoa programu hiyo dukani kwake, ikisema si salama, na simu zake hazipokei programu kutoka duka jingine. Yangu ikifa, sauti nayo imekwenda. Niliposikia kuna kikao cha maoni kuhusu kanuni za kuyafungulia maduka hayo ushindani, nikapanda basi la alfajiri.

Dodoma ilinipokea kwa upepo na vumbi. Neema, niliyekuwa nimempigia simu, alinipokea stendi akanipeleka kwake, Chang'ombe.

"Shikamoo baba. Pole na safari."

"Marahaba mwanangu, nimeshapoa."

Aliniandalia ugali wa uwele na mlenda, nikala bila aibu. Mungu ambariki.

Alasiri, Makole, mlangoni pa ukumbi wa kikao, mtu alinidaka mkono akaanza kunikokota ngazini.

"Niache nikushike mimi kiwiko," nikamwambia.

Akaniomba radhi, tukapanda vizuri, nikamshukuru. Kumbe ndiye wakili wa kampuni!

Kikaoni alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Duka ni mali ya kampuni, na mwenye mali halazimishwi kuwapangisha washindani wake. Asiyelitaka anunue simu nyingine. Kisha akaongeza, "Tukifungua milango, matapeli wataingia. Watu kama mzee wetu huyu tunawashika mkono wasianguke."

Zamu yangu ilipofika, nikasimama.

"Mwanangu, ulinishika mkono kwa wema, na ninakushukuru. Lakini sisi tusioona ndio tunaomshika anayetuongoza. Akinipeleka kubaya, namwachia. Wewe ukinishika, wa kuachia ni wewe peke yako. Matapeli wazuieni, hata mimi nawaogopa. Ila mniachie nichague kiwiko."

Mwenyekiti akasema maoni yamepokelewa, uamuzi utatolewa baadaye.

Wakati wa kutoka nikaisikia sauti ya wakili ubavuni. "Mzee, ngazi hizi hapa." Safari hii hakunidaka. Alisogeza kiwiko chake karibu na mkono wangu, akasubiri.

Kesho yake nilirudi na zabibu za Neema mapajani, moyo umejaa shukrani. Nimejifunza kuwa mtu anaweza kukupinga na bado akakusikia.

Nilipofika Kondoa, sauti ile ile ikanisomea ujumbe wa Neema, "Baba, umefika salama?" kisha ikakatika katikati ya salamu. Chaji imeisha. Nikaichomeka simu mbio, nikaishikilia kwa mikono miwili, nikimwomba Mungu iwake tena.