Kamba ya Huguette

Mimi niliachia shule darasa la saba, lakini kwa vita vya Karthago nileteeni profesa yeyote wa Durban, nitamkalisha chini. Kwa hiyo Huguette akiwaambia kamba ile ilikuwa akili yake, msimwamini. Akili ilikuwa yangu. Mikono tu ndiyo ilikuwa yake.

Huguette alitoka Bukavu, akafungua saluni chini ya jengo letu pale Albert Park, akawa anasuka hadi miguu inavimba. Ghorofa ya nne alimlaza mama yake, Mama Gracieuse, ambaye kiharusi kilimnyang'anya miguu. Lifti ilishakufa zamani.

Wiki ile, waliotaka wageni tuondoke walikuja na maneno matamu: toeni vyuma vyenu, hatutawagusa. Papa Doudou, msimamizi wa jengo, akakusanya mapanga, nondo, hata mnyororo na kufuli la geti. Wakabeba. Kesho yake wakarudi: Jumapili tusimkute mtu humu.

Nilipiga kelele mle saluni. "Hawa ni Warumi wale wale! Karthago walitoa silaha zote wapate amani. Walipomaliza, Roma ikawaambia, sasa hameni, mji tunauvunja. Ndipo wakafunga malango. Wanawake wakakata nywele, zikasokotwa kamba za mitambo ya kurushia mawe."

"Tonton, na kipara hicho, wewe ungechanga nini?" Huguette akanichokoza; tonton kwao ni mjomba. Wateja wakacheka. Kisha akauliza polepole, "Walipona?"

"Walikaza miaka mitatu."

"Nimeuliza kama walipona."

Nikajikoholesha.

Hatukuwa na pa kwenda. Huguette akashusha rasta zote za dukani, zile nywele za nailoni, akasokota kamba nene kama mkono wangu, na mkono wangu si wa mchezo. Jumapili asubuhi akalifunga geti nayo.

Walikuja na mapanga yetu wenyewe. La kwangu nililitambua kwa mpini. Walisukuma, nasi tukasukuma, mimi mbele na bega langu la kiume. Kamba ikashika. Ndipo mmoja akaiwekea kiberiti.

Nailoni ikaanza kudondoka kama nta. Nyuma yetu vijana walikuwa wanamshusha Mama Gracieuse kwa shuka, hata ghorofa ya pili hawajafika. Huguette akaikamata kamba ile ile inayowaka, kwa mikono yote miwili.

"Eish, achia, mwanangu!"

Hakuachia mpaka mama yake alipopitishwa mlango wa nyuma.

Sasa tumebanana chumba kimoja huko Berea. Mama yu hai. Vidole vya Huguette vimegandana, hata kitana havishiki. Anakaa katika saluni ya rafiki yake Estella, anawaelekeza wasichana kwa mdomo.

Juzi akaniuliza, "Tonton, wale wanawake wa Karthago, nywele zilipoota tena, nani aliwasuka?"

"Waliobaki hai waliuzwa utumwani."

"Basi wao ndio waliowasuka wake wa Roma."

Kisha akamgeukia msichana aliyekuwa anasuka. "Kaza hapo nyuma. Inalegea."