Picha ya Yasini Moja

Shule niliiachia darasa la tatu, lakini chuo cha Kurani nilikimaliza, na ndicho kilichonisaidia kwenye kamera. Wasomi watacheka. Na acheke anayetaka.

Kazi yangu ilikuwa kupiga watu picha pale feri, upande wa Likoni, Jumapili na sikukuu: maharusi, vijana waliovaa viatu vya kuazima, watu wa bara waliotaka kutuma kwao picha wakiwa na bahari nyuma yao. Mzungu mmoja, mgeni wa hoteli za ufuo wa Shelly, ndiye aliyenifunza kupiga usiku bila taa. Kamera unaisimamisha juu ya miguu mitatu, unafungua jicho lake, unaliacha wazi hata mwanga wa mwezi ujikusanye kidogo kidogo. Yeye alitazama saa. Mimi saa sikuwa nayo, nikasoma Yasini. Moja, kwa mwendo wa kawaida, nikimaliza, nafunga. Mawimbi yakitoka kama moshi, na magofu yakang'aa kama mchana. Hakuna aliyenunua hata moja. Watu wakisema nawapiga picha majini.

Basi. Nyuma ya kijiji chetu palikuwa na gofu la msikiti wa kale, na kando yake makaburi ya wazee wetu, yamejengewa mawe ya matumbawe, yamechongwa kwa mkono. La mama lilikuwa la mwisho. Usiku hapakupita mtu kwa kuogopa mashetani, na ndiyo maana wezi walipapenda. Katikati ya miaka ya themanini tajiri mmoja alianza kujenga nyumba ufuoni, na mawe yetu yakaanza kupungua. Asubuhi moja nikalikuta kaburi la babu limebaki mchanga mtupu. Yalikokwenda mawe kila mtu alikujua. Nilipowaendea wazee wa msikiti waliniambia kwamba kumtuhumu mtu bila ushahidi ni dhambi. Nikatoka pale na hasira, nikaapa kuwaletea huo ushahidi.

Mwezi ulipopevuka nikajificha ndani ya gofu na kamera yangu. Lori likaja, taa zimezimwa, likasimama nyuma ya vichaka. Wakashuka watu sita hivi. Nikafungua jicho la kamera, nikaanza Yasini. Niliwaona wakienda na kurudi, mawe mabegani, na sura zao sikuzitambua kwa umbali, ila nilijua kamera itazitambua. Nilitamani kuharakisha, lakini Yasini hairukwi aya, tena makaburini. Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga.

Picha ilisafishwa mjini. Gofu lilitoka, makaburi yalitoka, hata kuti lililoanguka lilitoka. Wabebaji, hakuna hata mmoja. Mtu anayetembea mbele ya jicho lililoachwa wazi haachi alama. Miaka yote ile nilijua bahari hufutika. Sikufikiri kwamba na mtu hufutika. Aliyebaki ni mmoja tu, amekaa kitako juu ya kaburi la mwisho, kanzu nyeupe, hakutikisika Yasini nzima; usiku ule nilimdhania jiwe. Kaka yangu. Mkubwa wangu, aliyenilea baba alipokufa, aliyekuwa akifukiza ubani pale kila Shaabani.

Ningalimwendea yeye kwanza. Sikumwendea. Niliipeleka picha msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kaka akaitwa mbele ya wazee. Akaishika, akaitazama sana.

"Kofia imetoka vizuri," akasema.

Nikamwuliza kama ndiye anayewaonyesha wezi mawe ya kubeba.

"Bwana mdogo, wale ni sita na sururu zao, mimi mmoja. Kila wakija nakwenda kukaa juu ya la mama, maana nikiinuka watalibeba na hilo. Wewe uliyekuwa gofuni na kamera yako, ulimzuia nani?"

Nikawageukia wazee, nikingoja waulize hao sita ni kina nani na nani aliyewatuma. Mzee mmoja akakohoa, akamwuliza kaka, "Kwani wewe ulikalia kaburi?"

Wakashika hapo. Kwamba kukalia kaburi hakufai, na la mzazi ni baya zaidi. Mwingine akasema pengine alikalia ukingo tu. Wakaitwaa picha yangu, wakaipokezana, wapate hakika ya makalio. Picha niliyoipiga kuwakamata wezi! Wallahi walijadiliana hadi alasiri ikaadhiniwa. Wakamwamuru kaka atubu, na asikanyage tena makaburini. Lori hakuna aliyelitaja.

Kaka akahamia kwa binti yake Changamwe, kule karibu na Port Reitz. Hakunitukana. Afadhali angalinitukana. Hazikutimia wiki mbili, mawe ya mama nayo yakaenda.

Nyumba ya tajiri ilipokwisha, wazee wale wale walialikwa kusoma maulidi, wakala pilau wakiegemea ukuta uliopakwa chokaa mpya. Mimi nami niliitwa, nikapige picha. Nilimjibu mjumbe maneno ambayo siyaandiki hapa.

Ile ya Yasini ninayo sandukuni. Kaburi la mama sikupata kulipiga picha siku nyingine yoyote. Nimeitazama kwa miwani, nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Naona kanzu, naona kofia. Jiwe la mama silioni. Kaka amelikalia lote.